Kopo Halirudi Tupu

Mutakura, 6 Mei 2024

Kaka Sylvère,

Nakuandikia kwa kalamu kama wanafunzi wa bweni, na si kwa kupenda kwangu. Wifi Geneviève amesema tukiongea kwa simu tunagombana, na tukigombana tansiyo, hiyo presha yako, inapanda, basi simu imefungwa mpaka ishuke. Sawa. Mimi ndiye dada pekee Bujumbura nzima ambaye sauti yake ni ugonjwa.

Barua hii umeikuta ndani ya kopo la maziwa, juu ya unga. Usiutupe. Ni unga wa nyenje. Ndiyo, wale wale uliowacheka kwenye kikao cha familia, ukaniita Mama Wadudu mbele ya mwanangu Loïc, watu wakashika mbavu. Mume wangu aliniachia baiskeli isiyo na mnyororo. Nyenje ndio walioniwekea bati juu ya vyumba viwili. Nilianza na beseni moja, leo ni kumi na nane. Nawalisha maboga na majani ya mihogo, nawakausha, nawachunga kwa chekeche kutoa miguu na mabawa, halafu nakaa foleni kwenye mashine ya kusaga mpaka wenye mahindi wote waishe, eti nyenje wangu watamharibia mwenye mashine jina.

Sasa tuje kwako. Daktari amekupima 178 juu, 104 chini. Mi si daktari, lakini nambari ikinisimamia mbele naijua uso. Na ninajua inakotoka: mishikaki ya kila Ijumaa, chumvi unaimwaga kabla hata ya kuonja, na katikati ya wiki samaki wa chumvi. Nifanyie hivi. Toa mishikaki, toa samaki huyo. Weka kijiko kimoja cha unga huu kwenye uji asubuhi, kimoja kwenye mboga ya sombe jioni. Nguvu ya nyama utaipata, na chumvi sikutia hata punje. Bibi wa lishe aliyetufundisha kwenye kikundi alisema huko maabara wameona ndani ya nyenje kitu ambacho huenda kikasaidia mishipa kulegea, ila kwa binadamu bado wanachunguza. Ndivyo alivyosema, nami siongezi. Ni chakula. Vidonge vya daktari unaendelea navyo kila asubuhi kama kawaida. Nimepiga mstari chini ya maneno hayo, usiseme hukuona.

Kopo nirudishie. Ndilo pekee lenye kifuniko kinachobana. Audace anayesambaza mikate anapita kwenu kila akipata mafuta ya gari.

Ni mimi mwenye sauti mbaya,
Elvire


Kibenga, 14 Mei 2024

Mdogo wangu Elvire,

Barua yako ya tarehe 6 imenifikia na yaliyomo nimeyaelewa.

Nakushukuru kwa unga. Una harufu ya karanga zilizoungua kidogo, si mbaya. Ninautumia kama ulivyoelekeza. Nimepita famasi ya kwenye kona wakanipima: 170 kwa 100. Naona tumeanza safari njema.

Kuhusu lile jina la kwenye kikao, ule ulikuwa mzaha wa kaka kwa dada. Watu wazima hawawekani mzaha moyoni miaka miwili.

Kopo lako nalirudisha. Unajua mama alivyotulea: kopo lililoleta chakula halirudi tupu, kulirudisha tupu ni kumwambia mtu asilete tena. Kwa hiyo utakuta mayai matatu yaliyofungwa kwenye gazeti. Ni ya kuku wangu saba, wanaokula pumba tu. Tangu nistaafu ofisi, hao ndio wafanyakazi niliobaki nao, na uvivu wao ni ule ule wa ofisini.

Maji ya ziwa yamefurika, yamefika kwa jirani. Banda la kuku nimeliinua juu ya matofali.

Kaka yako,
Sylvère


Mutakura, 20 Mei 2024

Kaka,

170! Nane zimetoka juu, nne chini, na wiki mbili hazijatimia. Nimesoma hiyo nambari nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mayai yamefika mazima. Asante. Mzaha tuuache, ila ni miaka mitatu, si miwili.

Hukujibu habari ya vidonge. Unakunywa? Andika ndiyo au apana, sihitaji aya nzima.

Nakuongezea unga. Huu nimesaga laini zaidi, usije ukasema mguu umekwama kooni.

Elvire


Kibenga, 10 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu ya Audace, naye amechelewa kwa sababu ya mafuta. Alilala siku mbili kwenye foleni ya kituo, mikate ikaliwa na wenye foleni.

Habari njema: 160 kwa 95. Mtu wa famasi ameshangaa, akaniuliza siri ni nini. Nikamwambia nina dada.

Kila kitu kinafuatwa kama ulivyopanga, usiwe na wasiwasi. Mayai ni matano. Hata yule kuku mweusi niliyekusudia kumchinja Krismasi ameanza kutaga, Geneviève anasema ni maombi.

Leta unga mwingi kidogo safari hii, ukiweza. Naona unaisha haraka.

Sylvère


Kibenga, 24 Juni 2024

Wifi mpendwa Mama Loïc,

Nakuandikia harakaharaka kabla muzee hajafunga kopo. Amenituma nikuandikie nambari: 150 kwa 90. Anasema umwambie Audace apitie kwetu mapema.

Nilitaka kukushukuru mwenyewe kwa hii dawa yako. Mimi sikuiamini, nakuambia ukweli. Nilisema, Elvire naye! Lakini sasa muzee anaamka mapema, anachukua kibakuli chake na kopo, anaenda kulia uji wake nje karibu na kuku, anasema ndani kuna joto. Hataki mutu amchanganyie. Mwanaume ambaye miaka thelathini na nne hajawahi kujichotea hata maji! Na tangu dawa yako iingie, mambo ya famasi tumeyapumzisha. Mungu akubariki.

Kichwa humuuma asubuhi, anasema ni miwani mpya.

Arusi ya Benite, binti wa dada yangu, ni Jumamosi tarehe 27 Julai, Rumonge. Muzee ndiye atakuwa msemaji wetu. Anafanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo, utacheka.

Wifi yako,
Geneviève


Mutakura, 1 Julai 2024

Kwa nyote wawili,

Wifi, barua yako nimewasomea majirani. Mimi niliandika chakula, wewe umeandika dawa. Leo sitakusahihisha. Acha nami nisifiwe kidogo. Miaka yote hii nasifiwa na Loïc tu, naye anasifu akiwa na njaa.

Nimechukua boksi la kartoni nikaandika kwa mkaa: TANSIYO YA KAKA YANGU ILIKUWA 178, LEO NI 150. UNGA WA NYENJE HAPA. Nimeliegesha mbele ya meza yangu sokoni. Wiki moja tu nimemaliza unga niliokuwa namaliza kwa mwezi. Wale wale waliokuwa wanaziba pua wanauliza kama nina kopo kubwa. Mwenye mashine ya kusaga amenipigia simu mwenyewe! Jana ameniita "madamu".

Kaka, hayo maumivu ya kichwa ni miwani kweli? Rudi kwa aliyekutengenezea. Na vidonge nauliza kwa mara ya pili. Wewe ulikuwa unarudisha faili ya mtu kwa sababu ya muhuri mmoja, leo swali la neno moja linakushinda.

Habari ya arusi nimeisikia. Kadi sikuandikiwa, si neno, ni upande wa wifi. Nitakula picha.

Elvire


Kibenga, 15 Julai 2024

Mdogo wangu,

140 kwa 85. Sina la kuongeza.

Kopo safari hii kifuniko kimekataa, nimelifunga kwa kamba. Mayai ni tisa, moja limepata ufa, lipike kwanza. Wafanyakazi wangu wamepandishwa vyeo wote.

Kuhusu swali lako: mtu mwenye 140 si mgonjwa tena, ni mtu anayejitunza. Tusichoshane.

Kadi ya arusi ingekuwa mkononi mwangu ungeipata wa kwanza. Nitakuletea maneno nitakayosema, nimeyaandika vizuri sana. Upande wa bwana arusi wameleta msemaji kutoka Gitega ambaye hajawahi kushindwa. Atakutana na mimi.

Sylvère


Mutakura, 24 Julai 2024

Sylvère,

Leo neno Kaka nimeliweka kabatini.

Tulikuwa tunayaweka mayai yako kwa wageni, nikiwachemshia na maganda yake. Jana wageni hawakuja, Loïc akavunja manne kwenye kikaango. Nilikuwa nachunga miguu ya nyenje, nikageuka kuchukua kitambaa, nikaona. Kiini chekundu kama mawese.

Nikasema: "We Loïc, acha! Usikoroge!"

"Yameoza, mama?"

"Apana. Yamesema."

Sikiliza sasa. Ile miguu na mabawa ninayochunga huwa siitupi. Nawauzia wanawake wa Ngagara wanaofuga kuku, wanaichanganya kwenye chakula. Nyenje wangu wanakula maboga, na kuku akila nyenje wangu, kiini cha yai lake kinakuwa na rangi hiyo. Wale wanawake huniletea mayai niyaone. Rangi hiyo naijua kama navyojua uso wa Loïc. Haiko kwa kuku wa pumba, na wewe kuku wako ulisema mwenyewe wanakula pumba. Na miguu hujawahi kuinunua kwangu. Basi kuku wako walikula nini? Walikula unga laini, uliochungwa mara mbili, niliokaa foleni kwa ajili ya koo lako!

Ndiyo maana uliomba mwingi. Ndiyo maana unakula nje. Ndiyo maana kuku mweusi amefufuka. Geneviève anashukuru maombi, kumbe ni mimi ninayelisha banda zima la Kibenga.

Halafu nikatoa barua zako zote nikaziweka mezani. 170 kwa 100. 160 kwa 95. 150 kwa 90. 140 kwa 85. Kumi juu, tano chini. Kumi juu, tano chini. Tansiyo ya mutu si ngazi ya nyumba, Sylvère! Wateja wangu wanaojipima leo wana 162, kesho 149, keshokutwa wamegombana na mkwe wana 171. Hizo zako ni za mtu aliyekaa na kalamu. Na mimi, ambaye sokoni hakuna aliyewahi kunidanganya kwenye mzani, nilizimeza kwa sababu zilikuwa zinanisifu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko unga.

Kuku hawana tansiyo. Mwenye tansiyo ni wewe. Kama nambari umetunga, na unga hukula, sasa nauliza kwa mara ya tatu na naomba Mungu akusukume mkono: vidonge unakunywa?

Nimepiga simu tangu asubuhi. Yako imezimwa, ya wifi inaita tu. Nadhani mko kwa fundi wa nguo za arusi. Mabasi ya huko kwenu kusini hayapo, mafuta hakuna. Audace ameniapia kuwa barua hii itakufikia kesho. Jumamosi unataka kusimama juani Rumonge saa nzima. Usisimame kabla hujapima. Kapime kwa mashine, si kwa kalamu. Mishikaki usiguse. Hasira zangu usizihesabu leo, hizo nitazileta mwenyewe kwa miguu.

Elvire


Kibenga, 30 Julai 2024

Elvire,

Audace amepata mafuta leo. Barua yako nimeifungua mimi, kwa sababu mwenyewe hawezi.

Jumamosi alisimama kujibu upande wa bwana arusi. Alianza vizuri sana, watu wakapiga makofi. Yule wa Gitega akasema ng'ombe wao wamechoka kusubiri getini. Muzee akafungua mdomo amjibu, maneno yakatoka yamepinda. Watu wakacheka. Wakadhani ni utani, unajua wasemaji wanavyoigizana walevi. Akajaribu tena, wakacheka zaidi, hata yule wa Gitega alikuwa anajifuta machozi. Mimi peke yangu niliona mkono wake wa kulia umeachia kipaza sauti. Alianguka watu bado wanacheka.

Nisamehe au usinisamehe, lakini siku hizi tatu sikukupigia simu kwa makusudi. Ulipopiga nilikuwa nageuza simu uso chini. Nilikuwa nasema, dada yake ndiye aliyemuua. Maana Mei, siku unga wako ulipofika, aliniambia hivi: "Elvire amesema nikila huu, vidonge niviache." Mimi nikaamini. Nilijua unamgombeza, sikujua unamgombeza kwa ajili ya vidonge. Barua zako alikuwa ananisomea yeye, na sasa naona alikuwa anasoma anachotaka. Huku kwangu vidonge vimeachwa kwa jina lako. Huko kwako anajibu "kila kitu kinafuatwa".

Nimesoma habari ya kiini cha yai, nikatoka mpaka bandani. Nyuma ya matofali nimekuta kibakuli chake cha uji. Kuku wanakuja wanakikimbilia kama watoto wa shule.

Daktari anasema mshipa wa kichwani uliumia kidogo tu, na kwamba tulimfikisha mapema. Mdomo umeanza kurudi. Mkono bado. Siku ya kuingia walimpima 204 kwa 118. Hiyo ni ya mashine, niliiona kwa macho yangu.

Njoo. Wamemhamishia hospitali ya huku kwetu, chumba cha pili upande wa kushoto, ukipita wodi ya akina mama.

Geneviève


Mutakura, 5 Agosti 2024

Kaka,

Nimekuja Alhamisi, ukafumba macho. Nimekuja Jumamosi, ukafumba tena. Mutu aliyelala hakazi kope namna ile. Nimekaa pale saa mbili nikikuangalia unavyojifanya, nimesema moyoni, huyu angekuwa analala kweli ningelia, lakini kwa sababu anadanganya hata sasa, atapona. Ndiyo maana naandika. Karatasi haiwezi kufumbiwa macho. Wifi atakusomea, na safari hii atasoma kila neno.

Kwanza kartoni. Nimelichana. Kabla ya kulichana nilikaa mbele yake nikakumbuka mama mmoja wa Ngagara, Dévote. Mwezi uliopita aliniuliza, "Mama Loïc, basi na mimi vidonge vyangu niviweke pembeni?" Watu walikuwa wamejaa, nilikuwa natafuta chenji, nikamjibu, "Tutaona." Tutaona! Nani ataona? Siku niliposoma barua ya wifi nilikwenda Ngagara mbiombio, sijui nyumba, nauliza kota kwa kota nani anamjua Dévote mwenye tansiyo. Wakanitajia watatu. Nimemkuta wa tatu. Alikuwa bado anakunywa vidonge vyake, alisema, "Mi nilikuona una haraka, nikasema huyu hajanijibu." Nilikaa kwenye ngazi yake, akaniletea maji.

Kwa hiyo usifikiri nakuandikia nikiwa juu ya kiti cha hakimu. Wewe ulitunga nambari, mimi nikazitundika sokoni. Tumeshirikiana vizuri kuliko siku zote za maisha yetu.

Lakini niambie kitu kimoja, na hapa ndipo ninaposhindwa kabisa. Ulichukia unga, si ungesema? Neno moja: Elvire, siupendi. Ningekasirika siku nne, tano. Ningekupikia maharage bila chumvi, tukaendelea. Umewahi kuniogopa lini? Wewe, uliyeniita vile mbele ya familia nzima bila kumeza mate!

Kopo liko mezani kwa wifi. Nimeweka unga nusu tu. Ukitaka kula, kula baada ya kidonge, wifi akiangalia. Usipotaka, mwambie Audace alirudishe na unga wake ndani, sitauliza. Lakini bandani usiende.

Elvire


Kibenga, 9 Septemba 2024

Mdogo wangu Elvire,

Ninaandika kwa mkono wangu. Unaona mwandiko. Aya hii imenichukua asubuhi nzima, kwa hiyo usitegemee barua ya kiofisi.

Umeuliza kwa nini sikusema. Siku ile ya kwanza nilikula kijiko kimoja. Kilinirudia mpaka puani. Nikataka kukuandikia. Nikakumbuka lile jina. Nikasema, nimemcheka mbele ya watu, na yeye amejibu kwa kunisagia chakula. Sasa nimwandikie kwamba chakula chenyewe nimekitema? Nikaona aibu. Kuku walikuwa wananiangalia. Ndivyo ilivyoanza, nilikusudia iwe siku ile ya kwanza tu. Halafu mayai yakaongezeka, ukafurahi, na nambari nazo ikabidi zifurahi pamoja nawe.

Vidonge ni habari nyingine. Vilikuwa vinaniamsha kila saa kwenda kukojoa, kama mzee. Sikutaka kuwa mzee. Nilihitaji mtu wa kumtupia lawama kwa Geneviève, nikakutupia wewe. Hilo halina mzaha na wala sina maneno yaliyoandikwa vizuri.

Sasa nakunywa. Geneviève anasimama mbele yangu na kunifungulisha mdomo baada ya kumeza. Daktari amebadilisha aina, usiku nalala. Ananipima Geneviève, kwa mashine tuliyonunua: 166 kwa 97. Kisha 151 kwa 93. Kisha 158 kwa 90, siku hiyo tulibishana habari ya redio. Jana 144 kwa 91. Sijaongeza wala kupunguza. Zinapanda na kushuka kama mbuzi mlimani.

Samaki wa chumvi haingii ndani ya nyumba hii. Mishikaki nasikia harufu yake tu kwa jirani.

Unga nimekula. Geneviève anautia kwenye sombe na vitunguu vingi na ndimu, hapo kweli haunirudii. Nimekula wote, na kopo nimelipangusa kwa kipande cha ugali kama tulivyokuwa tunafanya kwenye sufuria ya mama, ukinisukuma kwa kiwiko.

Kuku wamegoma. Tangu wanyimwe wamerudi kwenye uvivu wao, na yule mweusi hataki hata kunitazama. Mayai hakuna. Nilitaka kukuwekea chochote, hata ndizi, Geneviève akasema ngoja, likirudi tupu ndipo atajua safari hii umekula. Nikafikiri, nikaona ana haki.

Kopo linarudi tupu. Lipokee hivyo.

Sylvère


Mutakura, 11 Septemba 2024

Kaka,

Audace ameniletea kopo mbele ya soko zima. Mwanamke wa meza ya jirani akalichukua, akalitikisa, akaangalia ndani, akaangalia uso wangu. "Yoo! Kaka yako amekurudishia hivi? Mmegombana?"

Nikamwambia, "Sana."

Halafu nimelipeleka puani. Lina harufu ya ndimu.

144 bado ni nyingi, usijisifu. Hiyo 158 ya redio ni upumbavu, muzimie wifi redio yako au mununulie yake. Na mwandiko wako si mbaya kama unavyodai, wa ofisini ulikuwa mbaya zaidi.

Kopo nimeliosha, nimelijaza mpaka juu. Ulikopitisha kipande cha ugali kulikuwa safi kabisa, hata sikuwa na haja ya kuosha, lakini nimeosha kwa hasira.

Ukimaliza lirudishe kama ulivyolirudisha.

Mama Wadudu